Kubomoa katikati ya jiji: fidia inalipa kuta, wateja analipa nani?

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani. Kila jiji linalokua hufika siku likaangalia katikati yake na kuona haya. Majengo yamechakaa, mitaro imeziba, fremu zimebanana, magari hayapiti. Unaletwa mchoro mpya wenye minara ya vioo na miti iliyopandwa kwa mstari. Mkutano unaitishwa, na neno linalotajwa kuliko yote siku hiyo ni uchumi: ajira zitaongezeka, mapato ya jiji yatapanda, wawekezaji watakuja. Miezi michache baadaye wenye fremu wanapewa notisi wapishe ujenzi.

Mimi sipingi ujenzi, naomba hilo lieleweke mapema. Ninachopinga ni jinsi hasara inavyohesabiwa, kwa sababu biashara ndogo ya katikati ya jiji haimo ndani ya kuta zake.

Chukua fundi viatu mwenye kibanda cha hatua mbili kwa tatu pembeni ya kituo cha mabasi. Mali yake yote ni nyundo, misumari, gundi, sindano, soli na chuma cha kugongea. Vyote vinaingia gunia moja. Mthamini akija anaandika vitu hivyo, anapima kibanda, anaondoka. Lakini kinachomlisha fundi ni yule mama aliyekatikiwa na ukanda wa kiatu akishuka basi saa moja asubuhi. Hana muda wa kuuliza fundi mzuri yuko wapi. Anakaa kwenye benchi, anavua kiatu kimoja, mguu anauweka juu ya kipande cha boksi, dakika kumi ameshonewa na anawahi kazini. Mteja huyo hakumfuata fundi kwa jina, kamkuta njiani. Sasa mhamishe fundi kilomita nne kutoka hapo, mjengee kibanda cha matofali chenye namba mlangoni. Viatu vitaendelea kukatika palepale kituoni.

Mwenye duka naye ana daftari. Ndani yake kuna majina ya wanaochukua vitu leo na kulipa mwisho wa mwezi. Siku duka linapobomolewa, daftari lile linabaki karatasi tu. Wanaodaiwa si watu wabaya, ila njia yao haipiti tena mlangoni kwake, na mtu hafungi safari kwenda kulipa deni la sabuni. Upande wa pili yuko msambazaji anayemwachia mali bila kumdai papo hapo, kwa kuwa anajua akirudi wiki ijayo atamkuta palepale. Akishahama, msambazaji anataka fedha mkononi kwanza. Kwa hiyo mtaji anaouhitaji unaongezeka wakati uleule mauzo yameshuka. Hapo ndipo biashara nyingi zinapofia, miezi kadhaa baada ya tingatinga kuondoka, na hakuna mtu anayeziandika kuwa zimeuawa na mradi.

Kuna nchi zilizolitambua hili kisheria. Ufaransa mpangaji wa biashara hupewa mkataba usiopungua miaka 9, na mwenye jengo akikataa kuuhuisha bila sababu inayokubalika kisheria, anamlipa fidia ya kumwondoa. Fidia hiyo inapimwa kwa thamani ya biashara yenyewe, wateja wakiwamo. Yaani wateja ni mali, kama mashine na rafu. Uingereza wana sheria yao ya 1954 inayompa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya, lakini nia ya kubomoa au kujenga upya ni sababu halali ya kumnyima, na fidia inapigwa kwa makadirio ya jengo yanayotumika kutoza kodi. Ukiwa umekaa hapo miaka 14 au zaidi inakuwa mara mbili. Ni afadhali kuliko kuondoka mikono mitupu, lakini hesabu nzima inalitazama jengo. Duka lililojaa watu na duka lisilo na mtu, kama makadirio ya majengo yake yanalingana, wanalipwa sawa.

Swali langu: jiji likitangaza kwamba uchumi umekua, na katika hesabu hiyo kilichobomolewa hakijatolewa, limehesabu nini?

#2

Naunga mkono hoja. Nyongeza yangu ni notisi. Biashara ndogo haihami ndani ya siku thelathini. Kutafuta fremu peke yake ni kazi ya miezi, na notisi zikitolewa mtaa mzima kwa pamoja, wote mnakimbilia fremu zilezile chache za mitaa ya jirani. Kodi ya pango huko inapanda kabla hata hamjafika.

#3

Mleta mada, umeandika vizuri na nakuheshimu, ila ruhusu nisimame upande wa pili, kwa sababu naona wengi watakuja kukuunga mkono kwa huruma.

Ardhi ya katikati ya jiji ndiyo yenye kila kitu. Mabomba ya maji yanapita hapo, umeme upo, njia zote za mabasi zinakutana hapo. Umma umeyagharamia hayo kwa miongo mingi. Ukiiacha ardhi hiyo ibaki na vibanda na majengo ya ghorofa moja, unawalazimisha maelfu ya watu kuishi na kufanya kazi mbali, na kila siku wanalipa nauli na muda. Hao nao ni masikini. Hawamo kwenye mkutano kwa sababu hawana fremu hapo.

Kisha kuna usalama. Nyaya zilizounganishwa ovyo, vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia, choo kimoja kwa watu mia. Moto ukitokea hatutaulizana habari za wateja wa kudumu. Na kodi ya majengo ndiyo inayojenga zahanati na shule. Jiji lisilo na mapato linamhudumia nani?

Mfano nautoa Paris. Soko kuu la chakula lilikuwa katikati kabisa ya mji, Les Halles, karne kwa karne. Malori yalikuwa yanaziba mji usiku kucha na usafi ulikuwa shida. Mwaka 1969 likahamishiwa Rungis, kusini mwa mji. Leo Rungis ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya vyakula freshi duniani. Wangesikiliza kilio cha kila aliyezoea mahali pake, wasingefika hapo. Nenda na Seoul pia: barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon ilianza kubomolewa 2003, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa. Watu wanatembea kando ya maji katikati ya jiji la mamilioni. Nani leo angetaka ile barabara irudi?

#4 – Mleta mada

Mkuu wa #3, asante kwa kuja na hoja. Hilo la watu wanaoishi mbali na kulipa nauli ni la kweli na sina la kulipinga.

Lakini mifano yako miwili tuitazame kwa karibu. Rungis ilijengwa kwanza, ikawa na reli na barabara kuu na maghala, ndipo wauzaji wa jumla wakahamishwa, na wengi wao wakahama kwa pamoja. Mnunuzi aliyekuwa anakwenda Les Halles kutafuta mboga, samaki na maua alivikuta vyote Rungis mahali pamoja. Soko lilihama na wateja wake. Hicho ndicho ninachokililia hapa! Mara nyingi tunachokiona ni kinyume chake: watu wanatawanywa, mmoja huku mwingine kule, na soko linakufa kwa sababu soko ni ule mkusanyiko.

Halafu angalia kilichobaki nyuma. Mabanda yale ya chuma yalianza kubomolewa 1971, na kwa miaka kadhaa katikati ya Paris palikuwa na shimo kubwa ambalo wenyeji walilipa jina, shimo la Les Halles. Jumba la maduka la chini ya ardhi likafunguliwa 1979. Nalo halikudumu bila matatizo, likafanyiwa ukarabati mkubwa, na paa lake jipya likazinduliwa 2016. Ukihesabu tangu 1969, ni karibu nusu karne ya kujenga na kujenga upya. Wauzaji wa jumla walipata kwao. Wale waliokuwa wanaishi kwa usiku wa soko, wapagazi na migahawa iliyowapikia saa kumi alfajiri, Rungis haikujengwa kwa ajili yao.

Seoul ndiyo inayoniuma zaidi. Mto ni mzuri, sikatai. Wachuuzi waliokuwa wanauza kandokando ya barabara ile walihamishiwa ndani ya uwanja wa michezo wa Dongdaemun. Wakajipanga, wakaanza kujulikana, wateja wakaanza kuzoea njia ya kwenda huko. Kisha ikaamuliwa uwanja nao ubomolewe, lijengwe jumba la kisasa la usanifu, lile lililofunguliwa 2014. Wachuuzi wakahamishwa tena, safari hii hadi soko jingine lililofunguliwa 2008. Mara mbili ndani ya miaka mitano hivi. Mtu anayeanza upya mara mbili katika miaka mitano, kila mara akiambiwa ni kwa ajili ya maendeleo, utamwambia nini mara ya tatu?

#5

Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, na yaliyosemwa hapo juu kuhusu daftari yamenigusa. Jiji sitalitaja wala mwenye jengo sitamtaja, sitaki kesi.

Nilikuwa na fremu ya ghorofa ya chini, jengo la zamani, kwa miaka kumi na moja. Nilipoingia sikulipa kodi peke yake. Nilimlipa kilemba dada aliyenitangulia, fedha nyingi kwangu wakati ule, nusu ya akiba niliyokusanya nikiajiriwa. Kilemba unalipia nini? Hulipii kuta, kuta ni za mwenye jengo. Unalipia kwamba watu wamezoea kuleta nguo pale. Na unajua siku ukitoka, atakayeingia atakulipa na wewe. Ndiyo pensheni yetu sisi.

Jengo likauzwa, tukapewa barua. Nikaenda na ile karatasi ya kilemba, imeandikwa kwa mkono na kusainiwa na mashahidi wawili. Nikaambiwa hayo ni makubaliano yenu wenyewe, hayatuhusu. Kwa kweli kisheria walikuwa sahihi, nilikuja kuelezwa baadaye. Nililipwa kodi ya miezi miwili niliyokuwa nimetanguliza, na hapo tukawa tumemalizana.

Nguo kumi na tisa zilikuwa kwenye kamba, zimeshashonwa, wenyewe hawajazichukua. Nilizibeba nyumbani.

#6

Dada wa #5, pole sana. Hilo la kilemba limewahi kuua watu, na naomba nilieleze kwa sababu wengi hawalijui.

Korea Kusini wana utaratibu uleule, mpangaji anayeingia anamlipa anayetoka. Katika wilaya ya Yongsan, Seoul, eneo lilitengwa lijengwe upya. Wapangaji wa maduka na migahawa walipewa fidia ambayo kilemba hakikuhesabiwa, kwa sababu sheria ya wakati ule haikukitambua. Baadhi yao wakapanda juu ya paa la jengo moja wakagoma kushuka. Alfajiri ya tarehe 20 Januari 2009 polisi wa kikosi maalumu wakapandishwa huko kwa kreni. Moto ukalipuka. Walikufa watu sita, watano upande wa waliogoma na askari mmoja.

Baada ya hapo kiwanja chenyewe kilikaa miaka mingi bila kujengwa chochote. Haraka yote ile ya kuwatoa watu kabla hakujakucha! Mwaka 2015 ndipo sheria ya upangaji wa majengo ya biashara ikarekebishwa na kukitambua kilemba, kwamba mwenye jengo asimzuie mpangaji anayetoka kukipokea kutoka kwa anayeingia. Miaka sita baada ya vifo.

#7

Nimefanya kazi za hesabu za miradi, nichangie upande huo. Nitakwenda polepole kidogo.

Mradi ukija mezani huwa na jedwali la ajira. Linasema, tuseme, ajira mia tano. Hizo ni za jumla. Hakuna safu ya zilizokuwapo. Kama eneo lilikuwa na fremu mia na kila moja ina watu watatu, mia tatu wameshaondoka kabla ya mia tano kuja, na hao mia tano wanakuja baada ya miaka mitatu au minne ya ujenzi, kama wanakuja. Na mara nyingi si watu walewale.

Detroit, Marekani, 1981: mtaa wa Poletown ulibomolewa ili General Motors wajenge kiwanda. Wakazi zaidi ya elfu nne waliondolewa, na biashara zaidi ya mia moja. Ahadi ilikuwa ajira kama elfu sita, kiwanda kikafunguliwa 1985, na idadi ile iliyotumika kuwashawishi watu haikufikiwa kama ilivyoahidiwa. Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan iliruhusu ubomoaji huo kwa hoja ya manufaa ya uchumi. Mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ikautengua msimamo wake katika kesi nyingine. Poletown hapakuwa tena na mtu wa kurudi.

New London, jimbo la Connecticut, ni mfano mwingine. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2005, majaji watano dhidi ya wanne, ikasema jiji linaweza kuchukua nyumba za watu kwa ajili ya kukuza uchumi. Mradi ulikuwa unategemea kampuni ya Pfizer iliyokuwa jirani. Mwaka 2009 Pfizer wakatangaza kuondoka. Ardhi ikabaki na majani kwa miaka mingi.

Sasa hoja ya mkuu #3 kwamba kodi itajenga zahanati. Inategemea mradi umegharamiwaje. Kuna njia moja iliyoanza California 1952 na kuenea: jiji linakopa fedha za kuliendeleza eneo, na ongezeko la kodi ya majengo linalotokana na eneo hilo ndilo linalolipa deni. Ina mantiki. Lakini maana yake ni kwamba ile kodi mpya, kwa miaka ishirini au zaidi, inarudi kwenye mradi. Zahanati inasubiri. California wenyewe mwaka 2012 walizifuta mamlaka hizo za uendelezaji, kama mia nne, sababu kubwa ikiwa ni kwamba jimbo lilitaka fedha hizo ziende shule na huduma nyingine.

La mwisho, na hili naliona halisemwi kabisa. Kwa nini fundi viatu harudi kwenye jengo jipya hata akitaka? Watu hudhani mwendelezaji hapendi mafundi viatu. Si hivyo. Jengo jipya lina mkopo. Benki kabla ya kutoa mkopo inataka kuona wapangaji waliokwisha kusaini, na inataka majina yenye mizania iliyokaguliwa: benki nyingine, duka la simu, mgahawa wa kampuni yenye matawi hamsini. Mkataba wa fundi viatu kwa benki hauna uzito, hata kama katika miaka ishirini hajawahi kuchelewesha kodi. Jengo la zamani linaweza kumpokea kwa sababu deni lake lilishalipwa zamani. Ukibomoa majengo yote ya zamani kwa wakati mmoja umefuta fremu zote za bei nafuu kwa wakati mmoja, na hakuna nia njema itakayozirudisha, kwa kuwa kodi ya chini haiwezi kulipa mkopo mpya.

#8

Mimi nina jengo, la urithi, tuko ndugu watano. Nisome na mimi. Paa linavuja, mabomba ni ya zamani, kodi ninazopokea kwa wapangaji hazitoshi kurekebisha ghorofa moja. Nikipandisha naitwa mnyonyaji. Nikiuza naitwa msaliti. Hizo fremu za bei nafuu mnazozisifu, anayezigharamia ni nani? Ni mimi, kwa kuacha jengo lizeeke.

#9 – #3 tena

Mkuu wa #7, hiyo ya benki sikuwa nimeifikiria hivyo, nakiri. Na ya dada wa #5 sina neno.

Ila nawauliza wote mlio upande huo: mnataka nini hasa? Mkiniambia tusijenge, tunarudi kwa mzee wa #8 na paa lake linalovuja, na siku moja linamwangukia mtu. Nipeni kitu kinachotekelezeka.

#10 – Mleta mada

Haki yako kuuliza. Na mwenye jengo wa #8, umesema jambo zito. Mpangaji na mwenye jengo wa namna yako wote mnabebeshwa mzigo ambao jiji zima linanufaika nao.

Nianze na Japani kwa sababu wao wameligeuza swali. Sheria yao ya kuendeleza upya miji, ya 1969, ina utaratibu wa kubadilisha haki. Mwenye kipande cha ardhi au jengo ndani ya eneo la mradi haondolewi. Haki yake inathaminiwa, na anapewa sehemu ya jengo jipya yenye thamani inayolingana. Mpangaji naye anaweza kuingia katika jengo jipya akiwa mpangaji. Ghorofa za juu zinazoongezeka ndizo zinazouzwa kugharamia ujenzi. Kwa mtu kama #8 maana yake ni kwamba ndugu watano hawauzi urithi. Wanaingia nao ndani ya mradi.

Gharama yake ni muda. Roppongi Hills ya Tokyo, iliyofunguliwa 2003, ilichukua kama miaka 17, sehemu kubwa ikiwa ni kukaa na wamiliki mmoja mmoja, wapatao mia nne walioamua kubaki kwenye mradi. Mwekezaji mwenye haraka hapendi kusikia hivyo. Na sitaficha udhaifu wake kwa wadogo: mpangaji anaweza kuwa na haki ya kurudi na bado akashindwa na kodi mpya. Haki ya kurudi bila ukomo wa kodi ya pango ni mlango ulio wazi juu ya ngazi isiyo na vipandio.

Kwa hiyo lazima mtu mwingine ashike ghorofa ya chini. Paris tangu 2004 jiji limetumia kampuni yake ya umma kununua fremu za chini katika mitaa ambayo biashara za kawaida zilikuwa zinakufa, likazipangisha kwa mafundi na wenye maduka ya vitabu, mkate na kadhalika. San Francisco wapiga kura waliidhinisha mwaka 2015 mfuko wa biashara za muda mrefu, zenye miaka 30 na kuendelea. Mfuko ulianza na ruzuku kwa mwenye biashara, na, #8 sikiliza hapa, kwa mwenye jengo pia akikubali kumpa mpangaji huyo mkataba wa miaka kumi. Hapo paa linapata fedha.

Tahadhari yangu ni kuokoa jengo na kudhani umeokoa watu. Soko la Covent Garden, London, lilihamia Nine Elms mwaka 1974. Kulikuwa na mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya mtaa ule, wakazi wakapigana, mwaka 1973 serikali ikayawekea ulinzi majengo zaidi ya mia mbili, mpango ukafa. Ushindi mkubwa. Jengo la soko likafunguliwa tena 1980 likiwa na maduka madogo na migahawa. Kuta ni zilezile. Wenye biashara ni wengine kabisa, na kodi za eneo hilo leo wale wa zamani wasingeziweza.

Na hatua ambayo haihitaji sheria yoyote mpya: jengeni kwa awamu. Vunja robo ya eneo, wahamishie watu robo ya jirani, mtaa uleule, njia ileile ya wapita njia, ukimaliza wahamishe waingie, uvunje robo ya pili. Mkandarasi atasema ni ghali zaidi. Ni ghali kwake. Gharama ile nyingine ilikuwapo siku zote, ilikuwa inalipwa na akina #5.

#11

Mbona wachuuzi wa barabarani hamjawagusa ila wa Seoul? Hao hata mthamini hawaandiki. Hawana kuta kabisa, wana mahali tu.

Durban, Afrika Kusini, pale Warwick Junction panapokutana treni, mabasi na teksi, wanapita watu zaidi ya laki nne kwa siku na wachuuzi ni maelfu. Mwaka 2009 jiji lilitaka kuweka jumba la maduka kwenye soko la alfajiri lililokuwapo tangu 1910. Wachuuzi wakaenda mahakamani, wakapata wanasheria wa kuwatetea, mpango ukasimama na baadaye ukaachwa. Na eneo hilohilo huko nyuma lilikuwa limeshaonyesha njia nyingine: wauzaji wa dawa za asili walipangiwa soko juu ya madaraja ya barabara yaliyokuwa hayatumiki, yakiwa jirani kabisa na msafara wa abiria. Waliwafuata wateja walipo badala ya kuwaambia wateja wawafuate.

#12 – #3 tena

Nakubali awamu, na nakubali kodi yenye ukomo kwa wanaorudi, kwa muda maalumu na si milele. Sikubali kila kibanda kipewe haki ya kuzuia mradi. Hapo tutatofautiana, mleta mada, na sidhani kama uzi huu utatupatanisha.

#13

Naomba msaada wa haraka wadau. Mtaa wetu umeanza kupimwa, watu wenye vyuma vya kupimia wamepita mara mbili wiki hii. Barua bado. Nina stationari. Nifanye nini kabla barua haijaja?

#14 – Mleta mada

Anza leo, usisubiri barua. Andika mauzo ya kila siku, hata kama hujawahi kuandika. Miezi mitatu ya daftari lenye tarehe ni bora kuliko maneno ya miaka kumi mbele ya mthamini. Piga picha za duka likiwa na wateja, asubuhi na jioni. Weka pamoja mkataba, risiti zote za kodi ya pango, leseni, na karatasi ya kilemba kama ulilipa. Chukua namba za simu za wateja wako wote, hasa ofisi na shule zinazochapisha kwako. Kisha ongea na majirani, mwende kwa pamoja, kwa maana mkiitwa mmoja mmoja kila mtu atasaini kiwango chake kwa hofu. Na msisaini karatasi ya kukubali kuondoka siku hiyohiyo mnayoletewa. Ombeni nakala, mtafute wa kuwasomea.

#15 – #5 tena

Mleta mada, kwenye namba za simu mkazie, na kaka wa stationari, usipuuze. Mimi sikuzichukua. Niliona inatosha kuandika namba yangu kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa bati, herufi kubwa, na mtaa niliohamia. Wateja saba walinipigia, wanne wakaja kuchukua nguo zao. Wiki ya tatu nikapita pale, nikakuta mlango umeshang'olewa na kubebwa pamoja na vyuma chakavu. Nguo kumi na tano bado ninazo. Moja ni sare ya shule, ya mtoto wa kama miaka saba, sasa haimwingii tena.